Kabla ya Inuvik

Tangu Whitehorse hatujazungumza la maana.
Redio ilikohoa neno moja la hali ya hewa, ikanyamaza.
Lami nayo ilituaga njia panda,
na sasa ni kokoto tu, kokoto na vumbi,
mitungi miwili ya mafuta ikigongana nyuma,
na Kihiyo ameshika usukani
kama mtu aliyebeba sinia la chai ya wageni.

Kihiyo ni shemeji yangu.
Au alikuwa.
Kiswahili, chenye jina la kila undugu,
kina wifi, kina mkwe, kina hata mkazamwana,
lakini sijui kinamwitaje kaka wa mke mliyeachana
anapokuendesha kilomita mia saba na ushei
kwa sababu umepata kazi ya mitambo ya kupasha nyumba joto
na gari lako limekufa.
Basi namwita Kihiyo.
Yeye ananiita "wewe".

Mwanzo wa Septemba. Kamusi inaiita vuli.
Vuli niijuayo ni ya mvua, Lushoto,
matope hadi juu ya ndala, maharage yakichipua.
Hii ya huku haina nia ya kuotesha chochote.
Miti hainifiki magotini
lakini imewaka yote, bonde zima hadi mlimani,
kama mkaa ambao mtu ameupepea
kisha akasahau kuteleka sufuria.
Nilitaka kumwonyesha Kihiyo.
Nikatazama kipimo cha mafuta.

Mnyama akasimama katikati ya njia,
pembe kama matawi yaliyopoteza mti wao.
"Karibuu," nikasema, ndivyo wanavyomwita.
Kihiyo akapunguza mwendo, akateremsha kioo,
akamjibu kwa adabu zote:
"Starehe."

Nilicheka hadi nikashika mbavu.
Naye akacheka, bila kunitazama.
Mnyama akatupa kisogo, akashuka bondeni
kwenye wekundu ule, tukabaki na vumbi letu.

Kilomita ya mia tatu na arobaini, pancha.
Jiwe bapa, kali kama wembe.
Jeki ikazama kwenye udongo mara mbili,
tukatafuta ubao, hakuna ubao,
Kihiyo akatoa begi langu la nguo, akalisukumiza chini.
Sikusema kitu. Baridi ilikuwa ya kuuma meno.

Pikapu ikasimama. Huku hakuna anayempita aliyekwama.
Mama wa Kigwichin, Bertha, kofia ya sufi, mikono mipana,
akaleta jeki yake na kipande cha mbao kilichochoka kwa kazi hiyo.
Alifungua nati kama anayemenya viazi.
Kisha akatupa samaki wa moshi ndani ya gazeti,
akatutazama mmoja baada ya mwingine:
"Ninyi ni ndugu?"

Kiingereza kina neno la jambo hili,
neno refu, lenye sheria ndani yake,
na sheria ilikwisha kututenganisha, Edmonton,
ghorofa ya tatu, mbele ya karani mwenye mafua.
Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikasubiri.

"Mimi ni mjomba wa watoto wake," Kihiyo akasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja saa.

Bertha akaitikia kwa kichwa. Limekwisha.

Tulikula yule samaki tumesimama,
tukitema miiba upande ule upepo unakoelekea.
Ana chumvi, ana moshi wa jikoni kwa mtu.
Kihiyo akalamba vidole, akanirushia ufunguo.
"Endesha wewe."

Alilala kabla hatujafika kwenye mafuta.
Nilijaza, nikalipa, hakuamka.
Baadaye kidogo likatokea bango la Duara la Aktiki,
peke yake uwandani, limechorwa majina ya wapita njia.
Alikuwa ametaka kupiga picha hapo,
amtumie Zawena.

Nilipunguza mwendo.
Mdomo wake ulikuwa wazi, kichwa kwenye kioo,
gamba moja la samaki likimeta ndevuni.

Nikapita.
Atalikuta tena akirudi, peke yake.